Redio, kamera, taa na vumbi: mwongozo kamili wa kuboresha gari dogo kwa mikono yako, kutoka Nakuru

Tulikuwa tumepita Ngata tukielekea Salgaa, mama ameketi kando yangu na kikapu cha mboga magotini, aliposema, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua." Nilidhani ni breki za malori yanayoteremka kutoka Sachangwan, maana harufu ile tumeizoea. Kisha nikaona uzi wa moshi ukitoka chini ya usukani. Nikaegesha kando, nikazima gari, nikamtoa mama, nikafungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa mkono.

Wiki mbili kabla yake fundi mmoja alikuwa amenifungia chaja ya simu. Umeme wake aliutoa kwenye waya mnene unaoingia kwenye swichi ya ufunguo. Aliuchuna kidogo, akazungushia waya wake mwembamba, akafunga tepu. Fyuzi hakuweka. Waya ule mwembamba ukawa unasuguana na ukingo wa chuma kila tulipopita tuta, hadi ngozi yake ikaisha na ukagusa bodi. Fyuzi inayolinda waya mnene ni kubwa mno. Haiwezi kukatika kwa sababu ya uzi mdogo wa chaja. Uzi ndio unaoungua kwanza, na plastiki iliyo karibu nao inafuata.

Tangu siku hiyo kazi ndogondogo za gari langu nazifanya mwenyewe uani, na majirani wameanza kuleta yao. Ninaendesha Vitz, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya Vitz, lakini mwenye Passo, Demio, Note au Fit atafuata bila shida.

Kabla ya kufungua chochote

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Tafuta spana namba 10, ambayo ndiyo utakayoishika zaidi kuliko zote, bisibisi ya nyota na ya bapa, pleyasi ya kukatia na kuchuna waya, vipande vya plastiki vya kubandulia dashibodi, tepu nzuri ya umeme, vifungo vya plastiki vya kushikia nyaya, na mita ya kupimia umeme. Usiruke mita. Hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha, kwa sababu unachotaka kujua ni kama hapa pana volti 12 au hapana.

Waya ununue wa gari, ule laini wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani. Wengi huenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi wakaletewa waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Waya huo ukitikiswa kila siku kwenye barabara ya vumbi hukatika ndani huku nje ukionekana mzima, nawe utahangaika mwezi mzima ukitafuta kwa nini redio inazima na kuwaka.

Sheria ya kwanza: kila waya unaoongeza uwe na fyuzi yake, na fyuzi hiyo ikae karibu na pale umeme unapoanzia, si kule unapoishia. Hesabu yake ni rahisi. Chukua wati za kifaa, gawanya kwa 12, upate ampea. Kifaa cha wati 36 kinavuta ampea 3. Kiwekee fyuzi ya 5. Kamera ya dashibodi huvuta chini ya ampea 1 au kuzidi kidogo. Fyuzi za blade, zile bapa zenye miguu miwili, hutambulika kwa rangi: hudhurungi isiyokoza ni 5, kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, nyeupe angavu ni 25, kijani ni 30. Fyuzi ikikatika mara mbili, usiweke kubwa zaidi. Inakuambia kuna mahali waya umegusa.

Sheria ya pili: kazi ya umeme ianze kwa kuvua waya hasi wa betri, wenye alama ya kutoa. Ukianza na chanya, siku spana itakapoteleza ikagusa bodi utaona cheche. Ukishavua, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani au dashibodi, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na umeme kwa muda. Soketi zote za njano chini ya dashibodi ni za mifuko hiyo. Usizipime, usizichomoe, usichukue umeme kwao.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kuvua betri: redio nyingi za Kijapani zenye ramani hujifunga zikikatiwa umeme, zikiwashwa zinadai namba ya siri au kadi ya kumbukumbu iliyobaki Japani. Kama unaitaka redio yako ya asili, thibitisha kwanza kwamba haina tabia hiyo.

Redio inayozungumza Kijapani

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila aliyepokea gari kutoka Mombasa. Unawasha, mwanamke anakukaribisha kwa Kijapani, na vituo unavyovijua havipatikani. Redio haijaharibika. Japani ilitenga FM kuanzia 76 hadi 90, na baadaye ikasogeza hadi 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Redio iliyotengenezwa kwa ajili yao inagusa ncha tu ya vituo vyetu.

Njia ya bei nafuu ni kibadilisha masafa, kile kijisanduku kidogo kinachoingia kati ya waya wa antena na redio. Kinachofanya ni kutoa. Cha 12 hupunguza 12 kwenye kila kituo: kituo cha 98.0 utakipata kwenye 86.0. Hapo ndipo watu hudanganyika dukani, kwa sababu redio yako ikiishia 90, kijisanduku cha 12 kitakufikisha 102 tu. Kituo unachokipenda kikiwa 105, hutakisikia kamwe. Kwa hiyo andika kwanza namba za vituo unavyosikiliza, ndipo ununue. Cha 15 kitakupa 91 hadi 105; cha 18 kitakupa 94 hadi 108. Kukifunga ni kazi ya nusu saa: toa redio, chomoa antena, chomeka kijisanduku katikati, mpe waya wake mwekundu umeme wa ufunguo, ule unaokuja ukiwasha tu, na mweusi uufunge kwenye bodi, yaani chuma cha gari.

Binafsi nashauri ubadilishe redio kabisa ukiweza. Utapata simu isiyoshikwa mkononi, tundu la kuchajia, na mahali pa kuunganisha kamera ya nyuma. Fuata hivi.

1. Vua waya hasi wa betri, subiri.

2. Bandua fremu ya plastiki inayozunguka redio. Imeshikwa na klipu tu. Anzia pembe ya chini, vuta kwa nguvu iliyo sawa, ukisikia mlio wa kukatika ujue ni klipu imeachia. Asubuhi ya baridi ya Nakuru plastiki huwa ngumu na huvunjika. Mimi huliacha gari juani mpaka saa nne hivi.

3. Fungua bolti za namba 10 zinazoshika redio, kwa kawaida nne. Ivute taratibu, chomoa soketi za nyuma na antena. Piga picha kila soketi kabla hujaichomoa.

4. Pima upana. Redio za asili za Toyota zina upana wa milimita 200, ilhali redio za kawaida za dukani zina 178. Ndiyo maana ukiifunga hivi hivi inabaki mwanya wa milimita 11 kila upande. Omba dukani vile vipande vya pembeni vya Toyota vya kuziba mwanya, na utumie mabano ya chuma ya redio ya zamani. Skrubu ziwe zile fupi zilizokuja na redio mpya. Ndefu hutoboa ndani.

5. Usikate soketi za gari. Kuna soketi za kuunganishia, upande mmoja unaingia kwenye ile ya Toyota na upande wa pili una nyaya zilizo wazi. Unganisha hizo na nyaya za redio mpya mezani, ukiwa umeketi, si ukiwa umejikunja chini ya dashibodi.

Rangi upande wa redio mpya karibu zote zinafanana: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni bodi, nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu ni mbele kulia, kijani ni nyuma kushoto, zambarau ni nyuma kulia. Ule wenye mstari mweusi ni hasi ya spika hiyo. Upande wa Toyota, bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni wa ufunguo, kahawia ni bodi, kijani ni wa taa za dashibodi. Spika ya mbele kushoto ni waridi na zambarau. Mbele kulia ni kijani kisichokoza na bluu. Umeona mtego? Kijivu cha Toyota ni umeme, kijivu cha redio mpya ni spika. Ukiunganisha rangi kwa rangi bila kufikiri, utaunguza redio siku hiyo hiyo. Kabla ya kuamini rangi yoyote, hata hizi nilizoandika, rudisha betri kwa dakika moja na pima kwa mita: waya wa kudumu unaonyesha volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni, wa ufunguo unaonyesha 12 ukiwasha tu. Kisha vua betri tena uendelee.

6. Kila kiungo kichuniwe sentimita moja, kisukwe, kitiwe risasi kama una pasi ya kulehemu, kisha kivishwe mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake huachia gundi gari likiegeshwa juani.

7. Chomeka kila kitu, rudisha betri, jaribu redio ikiwa bado inaning'inia: sauti ya kila spika, antena, taa. Ndipo ufunge bolti.

Wakati dashibodi iko wazi, pitisha pia waya wa kamera ya nyuma. Kamera yenyewe hupata umeme kwenye taa ya kurudi nyuma, ile nyeupe, ndani ya buti. Waya wa picha unapita kwenye mpira unaounganisha mlango wa buti na bodi, kisha chini ya plastiki za mlangoni hadi mbele. Usiupitishe juu ya ukingo wa chuma bila kuuvisha kitu. Katika mitaa yetu ambapo watoto hucheza nyuma ya magari yaliyoegeshwa, kamera hii naihesabu kuwa kifaa cha kwanza cha usalama, mbele ya mapambo yote.

Umeme wa kamera ya dashibodi

Tundu la kuwashia sigara linatosha kwa kuanzia, ila waya unaoning'inia mbele ya gia unaudhi na unaweza kunasa mkono. Njia safi ni kuchukua umeme kwenye sanduku la fyuzi. Nunua kile kipachiko kinachochomekwa mahali pa fyuzi na kubeba fyuzi mbili, ya zamani na yako. Nenda dukani na fyuzi yako mkononi, maana ukubwa unatofautiana na kisicholingana hulegeza tundu.

Chagua fyuzi ya kitu kisicho cha uhai: redio au tundu la sigara. Usiguse ya mifuko ya hewa, breki, wala kompyuta ya injini. Toa fyuzi, washa ufunguo, pima matundu mawili yaliyobaki; moja litaonyesha volti 12. Mguu wa kipachiko ambao fyuzi zote mbili zinautumia kwa pamoja uingie hapo. Ukigeuza, kifaa kitafanya kazi, lakini mzigo wako wote utapita pia kwenye fyuzi ya zamani.

Waya wa kamera ufuate nguzo ya kioo cha mbele. Kama nguzo ina alama ya mfuko wa hewa, waya upite nyuma ya mfuko, kamwe usipite mbele yake. Na kamera inayorekodi usiku kucha inakula betri. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, inaonyesha takriban volti 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu. Injini ikinguruma utaona kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona chini ya hapo, acha kuongeza vifaa, mwone fundi wa umeme akague alteneta, ile inayochaji betri.

Taa zilizofifia

Ukitaka kuona vizuri usiku kati ya Kibunja na Mau Summit, ukungu ukiwa umelala barabarani, usikimbilie balbu. Angalia kwanza kioo cha taa. Taa za siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, na jua letu la nyanda za juu linaila ngozi yake ya kinga mpaka inakuwa ya manjano. Kuisafisha kunarudisha mwanga mwingi, na gharama yake ni msasa.

Osha taa kwa sabuni. Zungushia rangi ya gari tepu ya karatasi, mara mbili. Msasa ukigusa rangi umejiongezea kazi. Anza na msasa wa maji namba 1000, ukiusugua kwa mistari ya mlalo huku ukimwagia maji muda wote. Kwanza yatatoka maji ya manjano, kama ya viazi vilivyomenywa. Sugua mpaka yatoke meupe. Hapo ngozi mbovu imeisha. Nenda namba 2000, kwa mistari ya wima, mpaka mikwaruzo ya mlalo ipotee. Kisha 3000. Taa itaonekana nyeupe kama imepakwa chokaa, na hapa ndipo wengi huogopa wakidhani wameiharibu. Kausha, paka dawa ya kung'arishia rangi kwa kitambaa laini, sugua kwa duara, na utaona uwazi unarudi mbele ya macho yako.

Usiishie hapo. Plastiki sasa haina kinga, na bila kinga itarudi njano upesi. Puliza vanishi safi yenye kinga ya jua, tabaka mbili nyembamba, kivulini, pasipo vumbi. Dawa ya meno inang'arisha kweli, lakini haiachi kinga yoyote.

Kuhusu balbu: Vitz nyingi hutumia balbu ya aina ya H4, wati 60 kwa mwanga wa mbali na 55 kwa wa karibu. Balbu za LED zilizotiwa kwenye taa ya H4 hutawanya mwanga ovyo, kwa kuwa kioo chake kilichorwa kufuata uzi wa halojeni. Wewe unaona weupe mbele yako. Dereva wa trela anayekuja hauoni ubavu wa barabara. Nawasihi tusizifunge. Balbu mpya ya H4 ya kawaida kwenye taa safi inatosha.

Vumbi

Mji wetu umekaa chini ya Menengai, na udongo wetu ni majivu ya volkeno yaliyo laini kama unga. Yanaingia kila mahali. Ndani ya Vitz, kichujio cha hewa ya abiria kiko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Kitoe vitu, achilia kile kijiti cha pembeni, bana kuta zake mbili kwa ndani nacho kitashuka chote. Nyuma yake kuna kifuniko chembamba. Bana pembe zake, vuta. Nimewahi kutoa kichujio kilichojaa majani ya mti nisiyoyajua, yaliyosafiri na gari kutoka ng'ambo. Weka kipya, mshale ufuate alama iliyopo. Kile cha injini kiko chini ya boneti ndani ya kisanduku chenye klipu. Kwa barabara za vumbi kikague kila mwezi, kigonge taratibu, kibadilishe kikiwa cheusi ndani ya mikunjo.

Mazulia yawe ya mpira yenye kingo. Hilo halina mjadala. Ila la dereva lishikwe kwenye ndoano zake. Zulia linaloteleza chini ya pedali ya breki ni hatari.

Kuinua gari

Naulizwa hili kila wiki, kwa sababu matuta yetu hayana huruma na tumbo la Vitz liko chini. Sifungi speisa, vile vipande vya kuinulia springi, nyumbani na sikushauri ufunge. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono, na ukishainua gari pembe za magurudumu zinabadilika, lazima lipelekwe kwenye alainimenti. Zile raba zinazosokomezwa katikati ya springi nazo sizipendi. Zinanyima sehemu ya springi kazi yake na mzigo wote unabaki kwa iliyosalia. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kukagua ile plastiki ya chini ya injini. Mara nyingi inaning'inia kwa sababu klipu tatu zimepotea, na ndiyo unayoisikia ikikwaruza. Klipu mpya ni za bei ndogo sana.

Gurudumu la akiba

Inua zulia la buti sasa hivi. Magari mengi madogo ya Japani huja na chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo, bila gurudumu la akiba. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari. Ubavu uliochanwa na jiwe haiuzibi. Vitz inatumia rimu ya matundu manne yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100, nati za milimita 12 zenye uzi wa 1.5, na nyingi za lita moja zina tairi la 165/70 R14. Tafuta rimu ya chuma ya namna hiyo na tairi la kipimo kilekile. Lijaribu kulifunga kabla ya kulipa, kwa sababu tundu la katikati nalo lazima lilingane. Nati zikaze kwa msalaba, hadi newtoni-mita 103 kama una spana ya kupimia, na ukishatembea kilomita 50 zikaze tena.

Ukiwa na pampu ya umeme, washa injini kwanza, maana inavuta ampea nyingi kuliko kitu kingine chochote utakachochomeka kwenye tundu la sigara. Presha sahihi imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. La akiba mimi hulijaza kidogo zaidi ya hapo, kwa kuwa hulala miezi bila kuguswa, na ninalipima asubuhi ya kila safari ya kumpeleka mama.